Makala Mekundu Hayana Moshi

Mke wangu alishikwa na malaria mwanzoni mwa miezi ya baridi, ile miezi ambayo asubuhi ukifungua mdomo Lubumbashi unaona pumzi yako mwenyewe. Tulikaa mtaa wa Hewa Bora, katika nusu ya nyumba. Nusu nyingine walikaa jirani zetu, na uwanja tulikuwa nao mmoja. Mimi nilikuwa nauza vipuri vya pikipiki sokoni, na hadi leo nauza. Mtoto wetu wa kike alikuwa hajaanza shule.

Tulipotuma habari Kasomeno, kijijini kwao mke wangu, mamamkwe alikuja na gari la kwanza alilopata. Aliteremka na unga wa mihogo, viazi vitamu na kuku aliyefungwa miguu, akaingia jikoni bila kuniangalia usoni. Haikuwa dharau. Kwao mkwe na mamamkwe huheshimiana kwa kukaa mbali. Hatukula pamoja, sikukalia kiti chake, wala sikukanyaga chumba alicholala. Hata maneno yetu yalipita kwa mtoto. Alisimama karibu yangu kabisa akasema, "Mutoto, ambia baba yako maji ya kuoga iko tayari." Nami nilimjibu mtoto, nikimaanisha bibi yake, "Ambia nkambo aksanti."

Mke wangu alikuwa amepimwa damu kwenye kituo cha afya cha mtaa. Muuguzi alimpa vidonge, akamwambia avimalize hata akijisikia amepona, na arudi upesi akianza kutapika au kuweweseka. Hakutapika. Vidonge alivimeza vizuri. Kilichomsumbua ni baridi. Homa ilipanda mchana, na jioni baridi ikamshika hadi kitanda kikawa kinalia. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi.

Mamamkwe aliwasha mbabula uwanjani, lile jiko la makaa, au makala kama tunavyosema hapa. Aliiwasha kama mwanamke mwangalifu anavyowasha: akapepea, akangoja moshi uishe, akangoja makala yawe mekundu yote, hata jeusi moja lisibaki. Ndipo akaiinua kwa kikwembe, kitenge chake, na kuiingiza chumbani. Dirisha lilikuwa limepungukiwa vioo, nami nilikuwa nimeweka karatoni. Yeye akaziba pembeni kwa nguo. Alimtuma mtoto aniambie moshi umekwisha, nisiwe na wasiwasi. Sikuwa nao. Katika avenyu yetu nzima hapakuwa na nyumba ambayo haikufanya hivyo wakati wa baridi. Mimi na mtoto tulilala sebuleni.

Asubuhi nilipiga hodi kwenye mlango wa chumba. Hawakujibu. Nilipiga tena, nikasema, "Mama, mulilala muzuri?" Mlango haukuwa na kufuli, ungesukumwa kwa kidole. Lakini mamamkwe alikuwa amelala humo, nami nilikuwa mkwe. Nilikwenda nikamwita jirani, mama mmoja mnene mwenye sauti kubwa, nikamwomba aangalie kama wameamka. Alisukuma mlango, akaingia. Aliporudi mlangoni sauti yake ilikuwa ndogo.

"Baba," alisema, "kuya."

Nilibaki pale pale.

"Baba, kuya! Uingie tu!"

Chumba kilikuwa na joto zuri. Hiyo naikumbuka, kwamba nilipoingia mwili wangu ulifurahi. Mke wangu alikuwa amelala ubavu, ameelekea ukuta, na midomo yake ilikuwa na rangi, kama mtu aliyeanza kupona. Alikuwa baridi. Mamamkwe alikuwa chini kwenye mkeka, kichwa chake karibu na mlango, ametapika, anakoroma kwa taabu. Mbabula ilikuwa na majivu matupu. Tulimvuta mama kwa mkeka wake hadi uwanjani, jirani akamlaza ubavu na kumlegeza nguo za kifuani. Baada ya muda alianza kuvuta pumzi kama mtu aliyetoka majini.

Tulimpeleka hospitali, na huko walimwekea oksijeni. Kuhusu mke wangu walisema alikwisha kufa muda mrefu kabla ya kupambazuka, na kwamba kungoja kwangu mlangoni hakukubadilisha kitu. Nilisema sawa. Nilikuwa naangalia ndala za daktari. Moja ilikuwa imeshonwa kwa waya, kazi nzuri, waya hauonekani mpaka uinamishe kichwa. Simu yangu ililia. Mteja mmoja alitaka kamba ya klachi. Nilimwambia ipo, apite wiki ijayo.

Kilio kilikaa uwanjani kwetu, chini ya turubai. Wanawake walikuwa ndani na mwili, wanaume nje kwenye viti vya kukodi. Nilipewa kiti, nikakaa. Watu walikuja wakanishika mkono, na kila mmoja nilimwambia aksanti. Mtoto alichukuliwa na jirani upande wa pili wa nyumba. Nilikuwa nasikia akicheza.

Kaka yangu mkubwa, ambaye namwita yaya, alifika mchana kutoka barabara ya Kasumbalesa. Ni dereva wa malori, na ndiye aliyenilea baada ya baba yetu kufariki. Babu yetu alitoka Kasai kuja kufanya kazi, na hapa hatuna wazee wengine. Alikaa karibu nami, akavua kofia, akaiweka gotini. Halafu akaniinamia.

"Bantu babili balilala mu chumba kimoja," alisema. "Kijana anakufwa, muzee anaamuka. Weye unaona namna gani?"

"Sione kintu, yaya."

"Mi ninaona. Ule mama iko mulozi, muchawi. Alikuya hapa kula mutoto yake. Akitoka ku hospitali, gari imupeleke Kasomeno mara moja. Asikanyange hapa. Na ile unga alileta, musikule."

Wanaume waliokuwa karibu walisikia. Mmoja alitikisa kichwa kukubali. Mwingine alisimulia habari ya mtaa wa Bel-Air iliyofanana na hiyo, bibi na mjukuu, na jinsi vijana wa mtaa walivyomfukuza yule bibi kwa mawe. Nilimsikiliza hadi mwisho. Nilijua wanasema juu ya mwanamke aliyelala hospitali na mpira puani, mama wa mke wangu, lakini ilikuwa kama habari ya redio ya jirani.

Baadaye kidogo aliingia muuguzi wa kituo cha mtaa, yule aliyempa mke wangu vidonge. Hakuwa amevaa koti jeupe. Aliingia kwanza kwa wanawake, akalia nao, kisha akatoka akaja mbele yangu akapiga goti kidogo, kama desturi inavyotaka.

"Baba, pole sana. Naweza kusema na bantu kiloko, dakika mbili tu? Haiko mahubiri."

Nilimwambia aseme.

Aliomba mbabula. Wanawake waliokuwa wakipika pembeni walimletea moja iliyokuwa imeiva vizuri, nyekundu kama ndani ya papai. Akaiweka katikati ya viti.

"Mukiangalia hii," alisema, "munaona moshi?"

Watu walisema hapana.

"Munasikia harufu?"

Hapana.

"Hiyo njo hatari yake. Moshi mweupe inakukohoza, unakimbia, unafungua dirisha. Hii haikukohozi. Makala ikiwaka mu chumba cha kufunga, inatoa hewa moja mubaya, haina rangi, haina harufu. Inaingia mu damu na inachukua nafasi ya hewa muzuri. Unaanza kuumwa kichwa, miguu inakuwa nzito, unasikia usingizi. Unasema, ah, niko nachoka. Unalala. Vile tu."

Kaka yangu aliinuka. "Muganga, bakubwa betu balikuwa banaota makala toka zamani. Mbona hawakukufwa?"

"Balikuwa na nyumba ya majani, baba. Hewa ilikuwa inapita pa juu na pa chini. Sasa tuko na bati na simenti na dirisha ya kufunga. Na bengine balikufwa. Tulisema ni bulozi."

Muuguzi hakulirudia neno hilo. Alimwuliza kaka yangu anafanya kazi gani, naye akamjibu.

"Sawa. Lori yako, unaweza kuifungia mu garaji, milango yote, halafu unawasha motor na unalala mule ndani?"

"Hapana. Nitakufwa."

"Na nini?"

"Na moshi ya motor."

"Basi ni ndugu yake hii."

"Lakini motor tunaisikia. Inanuka." Alisema hivyo, kisha nikaona amesita. Aliangalia mbabula. Alikuwa akifikiri, namjua, akifikiri hukuna sikio. Halafu akauliza swali alilokuwa nalo tangu mwanzo. "Na muzee? Balilala pamoja. Juu ya nini yeye alipona?"

"Alilala wapi?" muuguzi aliuliza.

Mama jirani alijibu kutoka kwa wanawake. "Chini! Pa mulango! Mi njo nilimukuta."

"Ule mulango, chini iko na nafasi?"

Watu walinigeukia. Nilikuwa sijazungumza na watu wa kilio tangu kianze, zaidi ya aksanti. "Nafasi iko," nilisema. "Panya zinapitaka."

Baadhi ya wanaume walikwenda kuangalia. Walipiga magoti mmoja mmoja mbele ya mlango wa chumba chetu, wakapitisha vidole chini yake, wakasikia hewa inapita, wakarudi kukaa. Hakukuwa na mzozo. Yule aliyesimulia habari ya Bel-Air alivaa kofia yake akaaga.

Sitasema kwamba kaka yangu aliamini papo hapo. Jua liliposhuka alinivuta pembeni ya choo, akasema muuguzi anasema vya shule, na vya shule si vyote. Bado alitaka mama apelekwe kwao moja kwa moja.

Nilimwambia, "Yaya, mamamukwe atarudia hapa. Atazika mutoto yake."

"Unanikatalia?"

"Ndiyo."

Sikuwahi kumkatalia kitu maishani. Nilingoja hofu ije, haikuja. Kaka akavaa kofia, akaenda kupanga watu wa kuchimba kaburi.

Mamamkwe alitolewa hospitali siku ya mazishi. Alikuwa hawezi kusimama vizuri, wanawake walimshika huku na huku. Kaburini hakupiga kelele. Wala mimi. Watu wengi walitupa udongo, nami nikatupa, na nilipofika nyumbani nilinawa mikono kwenye beseni lililowekwa getini kama wote.

Alibaki. Hatukukaa kikao kuamua hilo; mtoto alikuwapo, na mtu wa kumpikia alitakiwa. Muuguzi alikuja akamweleza kwa upole yale aliyotueleza sisi. Alisikiliza akiwa anachagua mawe kwenye maharagwe. Tangu siku hiyo maneno yake yalipungua, hata kwa mtoto. Alipikia nje katika kila hali ya hewa, mvua zilipoanza alisimama chini ya kipande cha bati na sufuria yake, mgongo umelowa.

Siku moja nilimsemesha mwenyewe, bila kupitia kwa mtoto. Nilisimama mbali, nikaangalia upande.

"Mama, hamukumuua."

Alifuta mikono kwa kikwembe. Kisha akasema, "Baridi ilimushika, baba. Mama anaona mutoto anatetemeka, anafanya nini?"

Nilisema nakwenda sokoni, nikaenda.

Baridi iliyofuata muuguzi alinifuata kwenye banda langu. Alikuwa na watu wake wa kujitolea wanaopita kila uwanja, wanafundisha kulala ndani ya chandarua, kuchemsha maji, kunawa mikono, kupeleka mtoto chanjo. Juu ya makala, alisema, watu wanawacheka. Wanasema muuguzi ana umeme kwake, ndiyo maana anaongea. Akaniomba nifuatane nao mara moja moja. Nilikubali kwa sababu kukataa kungetaka maelezo.

Basi nikawa napita nao. Nilisema maneno yangu kama ninavyomweleza mteja tofauti ya plagi mbili. Kanisani, baada ya matangazo, nilisema. Kwenye uwanja wa shule nilisema. Sauti haikutetemeka, na hilo liliwashangaza watu kuliko maneno yenyewe. Muuguzi aliwahi kuniuliza kama nalala vizuri. Nilimwambia nalala sana, na ni kweli.

Bel-Air, kwenye uwanja mmoja wenye familia nyingi, baba mmoja alinicheka waziwazi. "Alors tukufwe na baridi?"

"Hapana," nilisema. "Muote moto inje, mushibe, alafu muingie. Muchemushe maji, muweke mu chupa, mufunge na kitambaa, mulale nayo pa miguu. Kama munapika ndani juu ya mvua, mulango wazi, dirisha wazi. Wakati ya kulala, mbabula itoke. Isibakie hata kama inakaribia kuzima. Makala ya kuzima inaua pia. Na mukiona bantu babili ao batatu mu nyumba banaumwa kichwa mara moja, musilale. Mutoke inje bote, mufungue, na mupeleke mwenye kulegea ku hospitali."

"Na mwenye malaria? Eko anatetemeka."

"Blanketi, na dawa ya muganga, na maji ya chupa. Ni ile ile."

"Ulisoma wapi hii yote?"

"Ku nyumba yangu."

Aliacha kucheka. Aliniletea kiti, akakifuta vumbi kwa mkono wake. Nilikaa.

Mamamkwe hakuwa akifuatana nasi. Lakini katika avenyu yetu msichana mmoja alijifungua mtoto wake wa kwanza, na mamamkwe akaenda kumpongeza kama wanawake wengine. Mimi na muuguzi tulikuwa tunapita hapo, tukasimama uwanjani kungoja zamu ya kusalimu. Ndipo nikasikia sauti yake ndani. Nilikuwa sijawahi kuisikia ikisema maneno mengi hivyo.

"Hii ni ya nini hapa?"

"Ya mutoto, mama. Asisikie baridi."

"Inatoka."

"Moshi inaisha, mama. Iko muzuri."

"Hata yangu ilikuwa muzuri! Mi niliua mutoto yangu na kintu ya muzuri kama hii. Nilingojea moshi inaisha. Nilifunga dirisha na mikono yangu. Nililala karibu yake na sikusikia kitu, hata kulia hakulia. Unanisikia? Umupe mutoto kifua yako, njo moto yake. Umufunge pa ngozi yako, muingie mu blanketi pamoja. Hii inatoka."

Akatoka ameibeba mbabula, kikwembe kimezungushwa kwenye mikono, uso umegeuzwa pembeni kukwepa joto. Aliiweka katikati ya uwanja, mbali na kila mlango, akarudi ndani bila kutuona. Muuguzi alifungua mdomo, nadhani alitaka kumfuata amwambie kwamba hakuua mtu. Niligusa mkono wake. Kutoka ndani tulimsikia mamamkwe akiimbia mtoto mchanga kwa lugha ya kwao, na msichana akilia polepole.

Tuliporudi nyumbani alitembea mbele nami nyuma, kama kawaida. Karibu na geti alisimama.

"Baba," alisema, akiangalia njia, "kesho, pale munaenda, nitaenda."

"Sawa, mama."

Tangu hapo tukawa wawili. Yeye huingia vyumbani kwa wanawake, mimi hubaki nje na wanaume. Hatuzungumzi njiani. Watu wa mtaa wametuzoea. Wengine wakituona tu wanatoa mbabula uwanjani na kupunga mkono, na labda tukishapita wanairudisha. Sijui. Hatuwezi kukaa katika kila mlango.

Kaka yangu hakuwahi kusema kwamba alikosea, na sikumngojea aseme. Lakini mwaka huu alipopita kunywa chai alinipa habari ya foleni ya malori mpakani. Madereva hukaa humo siku nyingi, na wakati wa baridi wengine huwasha makala ndani ya kabini. Alipita karibu na lori la kijana mmoja, akaona vioo vimefungwa na vina ukungu. Akagonga. Kijana hakuamka. Wakavunja kioo, wakamtoa, wakamlaza kwenye upepo. Alipona.

"Sasa ninabaambia bote," kaka alisema, huku akitafuta sukari. "Nikiona mbabula mu kabini, ninaitoa miye mwenyewe. Bananitukana."

"Muzuri, yaya," nilisema. Nilijua ni habari njema. Nilimsogezea sukari.

Shule zilipofungwa mamamkwe aliomba aende na mjukuu wake Kasomeno, auone ukoo wa mama yake. Alinisemesha mwenyewe, akiwa ameinama juu ya sufuria. Nilikubali. Niliwasindikiza hadi kwenye gari, nikapandisha mizigo juu, nikamfunga mtoto vifungo vya sweta. Mtoto alikuwa na furaha ya safari na hakuniangalia sana. Dereva alipowasha injini mamamkwe alitoa kichwa dirishani.

"Sombe iko mu sufuria, baba. Kula lelo. Kesho itachacha."

"Ndiyo, mama. Aksanti."

Gari likaondoka. Nilirudi nyumbani nikala ile sombe, kisamvu chake, nikiwa nimesimama, na bukari, ugali wa jana. Nadhani ilikuwa na karanga. Kisha nikaosha sufuria, nikaiinamisha juani, nikafungua madirisha.